Karo mpya juu ya pisini ya zamani? Kwanza tujue maji yanakwenda wapi

*Papa Injinia, jambo. Baba alituachia nyumba kule Golf, hapa Lubumbashi, nyumba ya miaka ya 1950. Nyuma ya parseli kuna pisini, bwawa la kuogelea, la mita 12 kwa 6. Upande mmoja maji yanafika kiunoni, upande mwingine kina ni mita 2.80, na lile bao la kurukia bado liko. Miaka mingi hatuogi humo. Kaka yangu alitia tilapia na kambale. Mwaka huu tunataka kuirudisha ili watoto waoge Noeli. Fundi mmoja amekuja, anasema wiki ijayo atakausha maji, atabandika karo (vigae) mpya juu ya zile za zamani, na wiki tatu kazi imekwisha. Bei yake si mbaya. Mvua ingali inanyesha. Nimwache aanze?*

Jambo Mama. Kabla sijajibu jingine lolote: mpigie huyo fundi simu leo, mwambie maji yasiguswe. Umeniandikia mwezi wa tatu. Huo si mwezi wa kukausha pisini hapa kwetu, na kosa hilo likishafanyika hakuna wa kulirekebisha.

Chukua sufuria tupu, uibonyeze ndani ya beseni la maji. Ukiiachilia, inapanda. Ijaze maji, inatulia chini. Pisini ni sufuria hiyohiyo. Yako ikijaa ina maji mita za ujazo 133 hivi, yaani tani 133. Beto (zege) yake, nikikadiria unene wa sentimita 20 kwa sakafu na kuta, ni kama tani 65 tu. Kinachoikalisha chini ni maji yaliyomo. Na ardhi yetu imekuwa ikinywa mvua tangu mwezi wa kumi na moja. Ukitaka kujua maji ya chini yamepanda mpaka wapi, tafuta jirani mwenye kisima cha kuchimbwa kwa mkono, umuulize kamba yake inashuka kiasi gani sasa, na mwezi wa kumi ilikuwa inashuka kiasi gani. Tofauti ya majibu hayo mawili ndiyo inayonitisha mimi.

Niliitwa mara moja kwenye parseli ambako walikausha maji Ijumaa, mwezi wa pili. Jumatatu upande wa kina ulikuwa umenyanyuka upana wa kiganja, ukingo umepasuka, tiyo zote za maji zimekatika. Mwenye nyumba aliniuliza tutaishusha vipi. Haishuki, Mama. Udongo umeshaingia chini yake. Tulivunja yote.

Kwa hiyo waache samaki waendelee kula. Wanakusaidia pia: maji yaliyotulia bila samaki ni kitalu cha mbu.

Mwaka wako uupange kwa kufuata mvua, usiupange kwa kufuata nafasi ya fundi. Mwezi wa nne na wa tano ni wa kupima, kuchora na kuagiza vitu. Mwezi wa sita ukielekea wa saba, unakausha. Wa saba, wa nane na wa tisa, unavunja na kujenga. Wa kumi unajaza, kabla mvua haijakolea, halafu unabaki na wiki kadhaa za kuzoea mashine na kuyatengeneza maji. Noeli watoto wako ndani. Vitu viagizwe mapema kwa sababu pampu na filtre nyingi zinakuja kutoka kusini kwa barabara, na wewe unaijua foleni ya malori pale mpakani Kasumbalesa. Masoni (waashi) kumi waliokaa chini ya mwembe wakingoja robine moja ni pesa inayokimbia.

Mvua ikishakatika, na maji yakiwa bado ndani, kuna kipimo kisicho na gharama. Tia ndoo kwenye ngazi ya pisini, nusu yake ikiwa imezama, uijaze mpaka maji ya ndani ya ndoo yalingane na maji ya nje. Iwekee jiwe isiyumbe. Bandika kipande cha skochi ndani kwa usawa wa maji, na kingine nje. Rudi kesho yake saa ileile. Jua na upepo vimekula sawasawa pande zote mbili. Kama nje maji yameshuka kuliko ndani, hiyo tofauti ndiyo inayovuja. Kwa pisini yenye eneo la mita za mraba 72, kila sentimita moja ni lita 720. Tofauti ikiwa sentimita 3, unapoteza lita 2,160 kwa siku, karibu mita za ujazo 65 kwa mwezi. Halafu mtu anakuja kukuambia tatizo lako ni rangi ya karo!

Baada ya hapo usiongeze maji wiki mbili au tatu, kila asubuhi uandike yameshuka kiasi gani. Yakishuka haraka halafu yakasimama mahali pamoja, lichunguze eneo hilo: mara nyingi ni tundu la tiyo, au shingo ya taa, au ufa unaozunguka ukingo. Yakiendelea kushuka bila kusimama, tazama chini kwenye kitoleo, tundu la kutolea maji. Wengine wanatafuta ufa kwa rangi ya chakula waliyoivuta kwenye sindano, wakiiachilia polepole karibu na ukuta waone inavutwa wapi. Ni njia nzuri, ila kwenye maji ya kambale hutaona kitu.

Ukifika wakati wa kukausha, toboa kwanza shimo jembamba kwa kekee ya udongo, mita moja hivi kutoka upande wa kina, kina chake kipite cha pisini. Tia humo tiyo ya plastiki iliyotobolewa matundu. Shusha uzi wenye jiwe: ukitoka mkavu, endelea kukausha. Ukitoka umelowa juu ya usawa wa sakafu ya pisini, simama, ngoja kiangazi kiendelee. Hilo shimo lisifukiwe, litakusaidia miaka yote. Maji ya samaki hayana klori, ni mbolea. Yapeleke kwenye migomba na mboga. Ila yaende polepole, mbali na ukuta wa parseli. Tani mia za maji zikimwagika siku moja kwenye msingi wa ukuta, utakuwa na kesi na jirani.

Sasa uko na pisini tupu, na hapa ndipo kazi ya kweli inapoanza. Usimruhusu mtu aingie na mfuko wa simenti kabla hamjaisikiliza. Ndiyo, kuisikiliza. Chukua mpini wa nyundo, ugonge karo moja moja, ukuta mzima, kutoka juu kwenda chini. Penye afya panatoa sauti kavu, fupi. Palipoachana na beto panalia kama ngoma. Kila panapolia chora duara kwa chaki. Jioni rudi nyuma utazame: kama chaki imechukua zaidi ya theluthi ya ukuta, mimi huwa sibishani tena, naagiza karo zote ziondolewe na plasta yake.

Nyufa nazo hazifanani. Ule utando wa nyufa nyembamba kama nywele, ulio kwenye plasta peke yake, usikunyime usingizi. Ufa unaopita karo, plasta na beto, ukaonekana upande mmoja umepanda kuliko mwingine ukipitisha ukucha, huo ni mwingine. Ubandikie daraja dogo la plasta nyeupe, uandike tarehe juu yake kwa penseli. Likikatika ndani ya mwezi, pisini bado inatembea, na kuna kitu kinachoisukuma: mizizi ya jakaranda iliyo karibu, au udongo unaolainishwa na uvujaji wenyewe. Hapo leta injinia wa beto aitazame kwa macho yake. Mimi sitaitibu kwa maneno kutoka mbali.

Tazama pia madoa ya kutu. Yakitoka kwenye beto, chuma cha ndani kimeanza kuliwa, kinavimba na kuisukuma beto itoke vipande vipande. Unavunja mpaka nyuma ya chuma, unakisugua mpaka king'ae, kilichokwisha unakibadilisha, halafu unajaza kwa simenti ya kukarabatia. Na uangalie ule mtaro wa ukingoni wa zamani: baadhi yake ulijengwa kwa matofali ya kuchoma, ya udongo wa kichuguu, kama nyumba nyingi za hapa. Ni tofali zuri la nyumba. Kwenye maji ya kila siku linakunywa kama sifongo.

Turudi kwa fundi wako na karo juu ya karo. Nitakusimulia la kwangu. Nilipokuwa kijana katika kazi hii nilifanya hivyohivyo, kwa mteja aliyekuwa na haraka. Ilipendeza kupita kiasi. Msimu wa pili karo zilianza kudondoka, na hazikudondoka moja moja: kilianguka kipande kikubwa kama meza, mpya na ya zamani zikiwa zimeshikana vizuri sana. Gundi yangu ilikuwa nzuri. Ila ile karo ya zamani ilikuwa imeshaachana na ukuta, nami niliitwisha mzigo mwingine. Nilirudisha pesa, nikavunja kwa mikono yangu.

Karo si ngozi ya pisini, Mama. Ni nguo. Maji yanapita kwenye maungio yake kila siku, na kinachoyazuia ni kilicho nyuma. Kwa hiyo, baada ya kukarabati beto na kupiga plasta mpya, panapakwa simenti ya kuzuia maji, ile inayokuja kama unga na kimiminika chake, mipako miwili inayopishana, na wavu kwenye kona zote na mahali tiyo zinapotokea. Ikishakauka kwa muda ulioandikwa kwenye mfuko, *jaza pisini kabla ya karo*. Siku saba. Ndoo ileile, skochi ileile. Ikishika, toa maji, bandika karo kwa moyo mweupe. Isiposhika, unarekebisha ukuta ulio wazi, huvunji karo ulizozilipia. Mafundi hawaipendi wiki hii kwa sababu wanaona wamekaa bure. Iandike kwenye mkataba, na malipo ya awamu ya tatu yafuate matokeo yake.

Kiangazi chetu kina upepo mkavu, na simenti inayokauka haraka inapasuka. Plasta na beto mpya zifunikwe magunia yaliyoloweshwa, yaloweshwe asubuhi na jioni kwa wiki moja angalau. Mpe sentineli, mlinzi wako, kazi hiyo kwa posho yake. Anaamka mapema kuliko masoni.

Karo yenyewe: dukani geuza moja, dondoshea nyuma yake tone la maji. Likinywewa mara moja, hiyo ni karo ya jikoni, hata muuzaji akiapa. Ya pisini inatakiwa isinywe zaidi ya nusu ya asilimia moja ya uzito wake, na tone linabaki limekaa juu kama umande. Ya kutembelea pembeni iwe na mikwaruzo, usichague inayong'aa.

Kuna uamuzi ambao hukuniuliza, lakini ningekuwa wewe ningeanza nao. Ile mita 2.80 ya nini? Ni ya bao la kurukia, na siku hizi kina hicho kwa bao kama lile hakitoshi kuwa salama. Bao liondoke. Likishaondoka, inua sakafu ya upande wa kina mpaka mita 1.50. Kina cha wastani kinakuwa mita 1.20, na maji yanashuka kutoka mita za ujazo 133 mpaka 86 hivi. Ni mita za ujazo 47 ambazo hutazinunua, hutazichuja, hutazitilia klori, mwaka hadi mwaka. Mtu mzima bado anaogelea, na mjomba anaweza kusimama popote akamshika mtoto. Kujaza kwenyewe kufanywe kwa heshima: sakafu ya zamani itobolewe matundu ili maji yasifungwe katikati, kokoto na laterite zishindiliwe tabaka kwa tabaka, halafu sakafu mpya ya beto yenye nondo iliyofungwa kwenye kuta. Ndani yake dai vali ya kupunguza msukumo, kile kidude cha kitoleo kinachofunguka maji ya chini yakisukuma, yakaingia ndani badala ya kuinua pisini.

Tiyo za miaka ile zilikuwa za chuma. Usizitie kiraka. Pisini nyingi za wakati huo hazikuwa hata na filtre; walijaza, wakaoga, wakamwaga. Kwa hiyo weka mzunguko mpya wote, wa plastiki ya shinikizo, na ujaribiwe kwa shinikizo kabla haujafukiwa. Vitoleo vya chini viwe viwili, vimeachana, na vifuniko vyake vilivyobinuka. Kitoleo kimoja bapa kinaweza kumvuta mtoto na kumshikilia chini. Marekani walitunga sheria mwaka 2007 kwa ajili ya jambo hilo hasa.

Kwa mita za ujazo 86, ukitaka maji yote yapite kwenye filtre ndani ya saa 6, pampu inatakiwa kusukuma mita za ujazo 14 na nusu kwa saa, tuseme 15. Filtre ya mchanga ichukue saizi inayofuata kwa ukubwa. Kwa nini? Kwa sababu unaijua SNEL, shirika letu la umeme, kama ninavyoijua mimi. Umeme ukija saa tano usiku, ndio muda wa kuchuja, na filtre kubwa haichoki haraka. Kinachoua pampu hapa mjini ni umeme unaorudi ukiwa dhaifu: injini inapata moto, inanuka, imekwisha. Kifaa cha kukata umeme usiotosha ni cha bei ndogo mbele ya pampu mpya. Taa za ndani ya maji ziwe za volti 12, na laini nzima ya pisini ipite kwenye kikatio cha miliampea 30, kile kinachokata umeme ukivuja. Hapo usipunguze hata kidogo. Mchanga wa filtre ni wa kwatsi wenye punje zilizopimwa. Mchanga wa mtoni wa kujengea utaziba kila kitu.

Kuhusu maji. Angalia sufuria yako ya chai. Kama chini yake kuna magaga meupe, foraje yako, kisima cha mashine, inatoa maji magumu, na si ajabu, kwa kuwa baadhi ya maji ya chini hapa yamepita kwenye mawe ya dolomiti. Maji hayo yataacha magaga kwenye karo na ndani ya filtre, hasa pH ikipanda. Ishikilie kati ya 7.2 na 7.6. Klori iwe kati ya miligramu 1 na 3 kwa lita. Ile klori ya unga ya asilimia 65 inaongeza kalsiamu nyingine juu ya ile uliyo nayo, kwa hiyo pima kabla ya kutia. Kwa mita zako 86, gramu 130 hivi zinapandisha miligramu moja. Iyeyushe kwanza kwenye ndoo ya maji (unga ndani ya maji, kamwe si maji juu ya unga), uitie jua likishazama, maana jua letu linaila kwa saa chache. Na mtu asikuuzie unga wa buluu wa kuua mwani. Ni sulfati ya shaba. Inaacha madoa kwenye plasta na karo. Mji wetu una shaba ya kutosha nje ya pisini.

Uzio. Ufaransa, tangu sheria ya tarehe 3 Januari 2003, mwenye pisini ya kuchimbwa analazimika kuwa na uzio, au king'ora, au kifuniko, au banda. Na uzio hauwi chini ya mita 1.10. Mimi kwa nyumba yenye wajukuu nachagua uzio, mlango ujifunge wenyewe, komeo juu. King'ora kinahitaji betri, na betri huwa inahamia kwenye redio. Sentineli si uzio.

Bei ya fundi wako sitaisema vibaya. Ni bei ya kubandika karo, na pengine anabandika vizuri. Muulize kama atakubali kuja mwezi wa tisa, baada ya wiki ya kujaribu maji. Akikubali, umempata fundi wa karo. Sehemu kubwa ya pesa yako iende kwenye plasta, tiyo na filtre. Zikibana, punguza kwenye urembo wa pembeni, ambao unaweza kungoja mwaka mwingine bila kuharibika.

Mwezi wa tano ukiisha niandikie namba tatu: tofauti ya ndoo, mahali maji yaliposimama, na kamba ya kisima cha jirani. Siku ya kukausha, kaka yako aje na nyavu kabla ya pampu. Tilapia wataonekana, lakini kambale wanajichimbia kwenye tope la upande wa kina, na masoni wakiwatangulia kuwaona, ninyi hamtaambulia hata mkia.